Mzee Ojwang', Neria na Titanic: Kuzirudia picha za miaka ya 90

Mtanzania wa Bara aliyezaliwa mwaka 1980 alitimiza miaka 14 ndipo nchi yake ikapata kituo cha televisheni. Zanzibar ilikuwa nacho tangu 1973, tena cha rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado kwenye picha nyeusi na nyeupe. Kenya ilianza kurusha matangazo mwaka 1962, hata kabla ya Uhuru. Bara ilisubiri. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa, na kazi yote ya kuhabarisha na kuburudisha ikaachiwa redio. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango, na mwaka uliofuata CTN, DTV na ITV ya Reginald Mengi zikaingia hewani jijini Dar es Salaam.

Kwa rika hilo, basi, miaka ya 90 ndiyo iliyokuwa mwanzo wa televisheni yenyewe. Kila kitu kilifika kwa mpigo: tamthilia ya Mexico iliyotengenezwa 1979, mpelelezi wa Kijerumani, mieleka ya Marekani, picha ya Kihindi ya saa tatu na vichekesho vya Nairobi. Mtazamaji hakujua kipi ni kipya na kipi kimeshazeeka huko kilikotoka. Vyote vilikuwa vipya kwake.

Leo watazamaji wale wana miaka arobaini na ushei, wengine hamsini, na simu zao zimewarudishia sehemu ya vitu hivyo. Usiku watoto wakishalala, mtu anafungua YouTube na kutafuta kipande cha Vitimbi, wimbo wa Karan Arjun au dakika za mwisho za Sarafina. Wengine hucheka kama zamani. Wengine huzima baada ya dakika kumi, wakijiuliza walikuwa wakipenda nini.

Mtaa mzima, kioo kimoja

Anayezirudia picha hizo peke yake kwenye simu anakosa kitu kimoja kikubwa, nacho ni watu. Televisheni ya miaka ya 90 ilikuwa ya mtaa. Nyumba moja ilikuwa nayo, na jioni sebule hiyo haikuwa tena ya mwenye nyumba. Wakubwa walikaa kwenye makochi, watoto wa jirani kwenye mkeka wakiwa wamenawa miguu kwa amri, na waliochelewa wakachungulia dirishani. Nchini Kenya maelfu ya nyumba zilianza na Great Wall, televisheni ndogo ya Kichina isiyo na rangi. Pasipo na umeme iliunganishwa kwenye betri ya gari, na betri hiyo ikapelekwa kuchajiwa mjini kwa baiskeli. Upepo ukigusa antena, kijana mmoja alitoka nje kuzungusha mlingoti huku ndani wakimpigia kelele: bado, bado, hapo hapo, umepitiliza!

Wasiokuwa na jirani wa aina hiyo walikwenda kwenye kibanda cha video. Palikuwa na deki, televisheni moja, mabenchi, joto la kutosha na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki picha za siku hiyo. Arnold Schwarzenegger, Sylvester Stallone na Jean-Claude Van Damme walipata umaarufu wao Manzese na Mathare kwa njia hiyo. Picha nyingi za kina Rambo zilikuwa za miaka ya 80, lakini mkanda haukuwa na tarehe usoni. Kanuni ilikuwa moja na kila mtoto aliijua: steringi hafi.

Wakati huohuo majumba makubwa ya sinema yalikuwa yakifunga milango. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo na New Chox, bila kusahau Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa 1966, ambako familia ziliingia na magari, vyakula na mashuka. Video iliwanyang'anya wateja. Kiwanja cha Drive-In leo ni Ubalozi wa Marekani, uliojengwa baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998.

Mkikuyu aliyekuwa Ojwang'

Kati ya vyote vinavyorudiwa leo, Vitimbi ya kituo cha KBC cha Kenya ndiyo inayoshangaza kwa kukaa vizuri. Kamera ni duni, sauti inakwaruza, na seti ni ukuta, meza na pazia. Hata hivyo Mzee Ojwang' Hatari akishaingia na kofia yake, akaanza kumdanganya Mama Kayai kuhusu pesa zilizopotea, mtazamaji husahau ukuta. Ojwang' ni mjanja ambaye ujanja wake haufiki mbali. Mama Kayai amemzoea, na nusu ya kichekesho ni uso wake akisikiliza uongo ambao ameshaujua mwisho wake. Othorong'ong'o na Masanduku arap Simiti huingia kuharibu kilichobaki.

Mtu mzima anayeirudia huona jambo ambalo mtoto hakuliona. Aliyecheza kama Ojwang', mzee wa Kijaluo mwenye lafudhi nzito ya Ziwa, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Mary Khavere, mke wake wa kwenye kioo, ni Mluhya. Masanduku alibeba jina la Kikalenjin. Waliigiza hivyo wakati nchi yao ilikuwa ikichinjana kwa misingi ya kabila huko Bonde la Ufa kuelekea uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, na waliigiza kwenye kituo kilekile ambacho taarifa zake za habari zilifunguliwa na shughuli za Mtukufu Rais Daniel arap Moi. Habari hazikuweza kusema kila kitu. Kichekesho kiliwaweka watu wa makabila yote chini ya paa moja, kikawafanya wagombanie sufuria ya ugali, na hakuna aliyekipiga marufuku.

Vioja Mahakamani ilifanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Kina Olexander Josephat, Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Tamaa bin Tamaa walipandishwa kizimbani kwa makosa madogomadogo ya mitaani, wakajitetea kwa Kiswahili kilichopinda kila upande, na hakimu akavumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Ukiirudia sasa ni kumbukumbu nzuri ya Nairobi ya wakati ule: kodi ya nyumba, pombe haramu, majirani, njaa ndogondogo na polisi. Mwanahistoria wa maisha ya mjini angeweza kuanzia hapo.

Wanjau alifariki Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 78. Katika miaka yake ya mwisho macho yalikuwa yamemsumbua, na Wakenya waliokua wakimtazama walimchangia fedha za matibabu. Ni heshima, lakini pia ni aibu: mtu aliyechekesha taifa kwa miongo kadhaa alihitaji mchango ili aone.

Dar inajipigia picha

Upande wa Tanzania, vichekesho vilikuwa na mizizi yake redioni na jukwaani. Pwagu na Pwaguzi walikuwa majina makubwa ya Redio Tanzania Dar es Salaam muda mrefu kabla ya 1994. Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kama King Majuto, alipanda jukwaani mwaka 1958 akiwa bado mtoto, na alipofariki Agosti 2018 alikuwa ameshapitia jukwaa, mkanda wa video, televisheni na DVD. Said Ngamba, yaani Mzee Small, aliyeaga dunia Juni 2014, alikuwa wa kizazi hicho cha waigizaji ambao uso wao ulitosha kuuza mkanda.

ITV ilipowapa nafasi waigizaji wa mjini, tamthilia ya Mambo Hayo ikawafanya kina Bishanga na Waridi wasiweze kupita Kariakoo bila kuzongwa. Baadaye kundi la Kaole likaendeleza. Michezo yake ilihusu mambo ambayo mtazamaji aliyaacha nje ya mlango: mke mwenza, mganga, ndugu wa mume, binti wa kazi, tajiri asiyejulikana alikopata mali. Ndani ya Kaole wakapikwa Vincent Kigosi, yaani Ray, na Steven Kanumba, ambao muongo uliofuata waliibeba tasnia nzima iliyokuja kuitwa Bongo Movie. Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, umati uliojaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, ulionyesha ni mbali kiasi gani michezo ile ya jioni ilikuwa imefika.

Nje ya studio pia watu walikuwa wameanza kujipigia. Shamba Kubwa, mojawapo ya filamu za mwanzo za Kiswahili kutengenezwa moja kwa moja kwa kamera ya video nchini Tanzania, ni ya 1995. Hapakuwa na shule ya filamu wala mfuko wa serikali. Palikuwa na kamera ya harusi na watu wenye jambo la kusema.

Neria bado yuko mahakamani

Kama kuna filamu moja ya muongo huo ambayo kila mtu mzima anapaswa kuirudia, ni Neria. Ilitoka Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 90, kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga, ikaongozwa na Godwin Mawuru, na kanda zake zikasambaa Afrika Mashariki kupitia vituo vya televisheni, mashule na vikundi vya akina mama. Jesesi Mungoshi ni Neria. Yeye na mumewe wamejenga maisha yao mjini kwa jasho la wote wawili. Mume anakufa katika ajali, na kaka wa marehemu, Phineas, anafika akiwa na mila mkononi: anachukua kitabu cha benki, gari, nyumba, mwishowe hata watoto. Oliver Mtukudzi, aliyefariki Januari 2019, anacheza kama kaka wa Neria na ndiye mwenye muziki wa filamu hiyo.

Mtoto wa 1995 alimchukia Phineas kama anavyomchukia adui wa picha yoyote. Mtu mzima wa leo anamtambua. Huenda amemwona msibani, amevaa suti, akihesabu viti. Tanzania ina Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalomweka mjane pembeni katika urithi, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imewakosea wajane wawili wa mkoani Shinyanga, mafundi cherehani, waliofukuzwa nyumbani baada ya waume zao kufariki. Kesi yao ilianza katika mahakama za nyumbani, miaka mingi baada ya Neria kushinda yake kwenye kioo.

Waliotengeneza Neria hawakuishia hapo. John na Louise Riber, waliokuwa nyuma ya filamu hiyo, walihamishia kazi zao Tanzania, na mwaka 2012 tamthilia ya Siri ya Mtungi ikatoka katika nyumba hiyohiyo ya utengenezaji, ikiongozwa na mtoto wao, Jordan. Anayeitazama Siri ya Mtungi anaona namna ileile ya kuingiza somo ndani ya hadithi bila kulipigia ngoma.

Sarafina ya 1992 nayo imehimili, kwa sababu nyingine. Hadithi ya wanafunzi wa Soweto, Leleti Khumalo akiwa mbele na Whoopi Goldberg akiwa mwalimu, ilifika wakati Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeshaitangaza Juni 16 kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, mwaka 1991. Shule nyingi ziliifanya kuwa picha ya siku hiyo. Mtoto alikumbuka nyimbo na kucheza. Mzazi anayeirudia hukumbana na mateso ya kituo cha polisi na mauaji, akashangaa kwamba walimu waliwaonyesha watoto wa darasa la tano.

Titanic iliyozama mara mbili

Titanic ya James Cameron ilitoka Marekani Desemba 1997 na Machi 1998 ikanyakua tuzo 11 za Oscar. Kwa ulimwengu ilikuwa hadithi ya mapenzi katika meli ya zamani. Kwa Mtanzania ilikuwa na uzito mwingine. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilikuwa imezama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa, wengi wao kutoka Kagera na Mwanza. Miaka miwili baadaye watu hao hao wakakaa mbele ya kioo kutazama meli ikipinduka, abiria wakining'inia, na maji yakijaa vyumba vya chini ambako maskini wamefungiwa.

Titanic ikapata maisha yake kwa Kiswahili. Msanii Joshua Amandus Mtani aliigeuza kuwa kitabu cha katuni, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Kisha akaja Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, mtu aliyeketi na kipaza sauti akasimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, akatia maelezo, mizaha na ushauri wake mwenyewe, na kanda zake zikauzwa nchi nzima. Titanic ilikuwa mojawapo. Jack na Rose wa Lufufu waliongea kama watu wa Dar. Nchini Kenya DJ Afro alikuja kupata umaarufu kwa kazi ya namna hiyo, na Uganda ikawa na mafundi wake kwa Kiganda. Wapo leo wanaomtafuta Lufufu kwanza, na Cameron baadaye.

Picha za Kihindi hazikuhitaji sana msimulizi. Pwani ilikuwa imezizoea tangu enzi za wazee, hata tuni zake zikaingia kwenye taarabu. Miaka ya 90 ilileta kizazi kipya: Ajay Devgn akiingia amesimama juu ya pikipiki mbili katika Phool Aur Kaante ya 1991, Shah Rukh Khan akigeuka adui katika Baazigar ya 1993, kisha ndugu wawili wa Karan Arjun ya 1995 waliouawa na kuzaliwa upya ili wamlipie mama yao kisasi. Karan Arjun ilirudishwa kwenye majumba ya sinema Novemba 2024. Ukiitazama leo ngumi zake zinachekesha, lakini Rakhee akiwasubiri wanawe mbele ya mungu wake bado anatoa watu machozi. Mama ndiye aliyeibeba picha ile, kuliko wale mabingwa wawili.

Zilizopauka

Si kila kilichopendwa kinastahili kurudiwa. Tamthilia za Mexico ziliwashika watu kwa miezi: Matajiri Nao Hulia iliyotengenezwa 1979, na No One But You ya 1985, ambamo Raquel anaolewa na mwanamume anayejitambulisha kwa jina la mwingine, kisha anatua kwenye familia ya tajiri anayedaiwa kuwa mumewe. Kisa chenyewe bado kina ndoano. Lakini midomo inasema Kihispania huku sauti ikisema Kiingereza, mapigo ya muziki yanatangulia kila siri, na mwanamke mwema hana kazi zaidi ya kulia. Wajukuu wanaolazimishwa kuitazama huomba simu yao irudishwe.

Nyingine zimeharibiwa na yaliyojulikana baadaye. Derrick, mpelelezi mpole wa Munich aliyekuwa mgeni wa kawaida wa KBC, alidumu kwa vipindi 281 kati ya 1974 na 1998. Mwaka 2013 ikafahamika kwamba mwigizaji wake, Horst Tappert, alikuwa ametumikia kikosi cha Waffen-SS cha Wanazi katika Vita ya Pili ya Dunia, na kituo cha ZDF kikatangaza kutorudia tena vipindi hivyo. Bill Cosby, aliyeigiza baba mwenye hekima wa familia ya Huxtable, alihukumiwa 2018 kwa kumdhalilisha mwanamke kingono, hukumu iliyotenguliwa 2021 kwa sababu za kisheria. Hata kama mtu hapendi kuchanganya msanii na kazi yake, ushauri wa Daktari Huxtable kwa binti zake hausikiki tena kama zamani.

Zipo pia picha za kikomando, ambamo Mwarabu, Mvietnam au Mwafrika yupo ili apigwe risasi. Kijana wa kibandani alimshangilia steringi bila kujiuliza kwamba, kwa sura, yeye mwenyewe alifanana zaidi na wale wanaoanguka.

Cha mbali kipo, cha nyumbani kimeadimika

Ukipanga vyote kwenye mizani, vilivyohimili ni vile vilivyotengenezwa na watu waliomjua mtazamaji wao: Vitimbi, Vioja, Neria, Mambo Hayo, masimulizi ya Lufufu. Vilikuwa na kamera mbovu na vikawa na mambo ya kusema. Tatizo ni kwamba ndivyo vigumu zaidi kuvipata. Titanic imerudi sinema kwa sura ya 3D, Lion King ya 1994 imetengenezwa upya 2019, na Karan Arjun iko umbali wa kubofya mara moja. Vipande vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vinapatikana YouTube, lakini anayetaka Mambo Hayo tangu mwanzo hadi mwisho atahangaika sana.

Mwaka 2017 taasisi ya Martin Scorsese, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika FEPACI na UNESCO walianzisha mpango wa kuokoa filamu 50 za Kiafrika zilizokuwa hatarini, na kazi kama Soleil Ô ya Med Hondo ikasafishwa upya. Afrika Mashariki inahitaji mpango wa aina hiyo kwa ajili ya kanda za video na za televisheni. Vituo vilivyozirusha, vyuo vikuu vinavyofundisha sanaa, Bodi ya Filamu ya Tanzania na tamasha la filamu la ZIFF, linalofanyika Zanzibar tangu 1998, ndio wenye uwezo wa kuuanza, na haki za waigizaji na familia zao ziandikwe ndani yake tangu siku ya kwanza.

Muda si mwingi. Sumaku ya mkanda wa VHS hufifia, unyevu wa pwani huuotesha ukungu, na kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza deki, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Mwenye kanda kabatini, iwe mchezo wa Kaole uliorekodiwa nyumbani, mkanda wa Majuto au wa Lufufu, asizitupe wakati wa kuhama. Azipeleke kwa fundi anayehamishia kanda kwenye kompyuta angali anapatikana, na nakala aipeleke kwenye maktaba au chuo kilicho karibu naye.